Ombi la Masomo ya Bahari Lililoandikiwa Kindu

Mji wa Kindu uko ndani kabisa ya bara. Maji yanayopita mbele yake yana safari ya zaidi ya kilomita 2,500 kabla ya kufika Banana, mdomo wa Mto Kongo kwenye Bahari ya Atlantiki. Pwani yote ya nchi hii kubwa ni kilomita 40 hivi tu, na mtu wa Maniema anayetaka kuiona hana budi kupanda ndege hadi Kinshasa, kisha ashike barabara ya Matadi mpaka Muanda. Ndiyo maana mwandishi wa kumbukumbu hizi alipotangaza nyumbani kwao Alunguli, ng'ambo ya kulia ya mto, kwamba anaomba nafasi ya masomo ya juu katika sayansi ya bahari, papa yake alinyamaza kwanza. Kisha akauliza: "Mwanangu, ni bahari gani hiyo utakayoisoma?"

Papa hakuwa anadhihaki. Alikuwa ameishi maisha yake yote kando ya Lualaba, amefanya biashara ya mafuta ya mawese hadi Ubundu, kilomita 300 hivi chini ya mto, na bahari aliisikia redioni tu. Baadaye swali lile lile lilikuja kwenye fomu ya maombi, kwa Kiingereza: mwombaji aeleze kwa nini amechagua fani hii, na kwa nini yeye hasa, kutoka huko aliko. Mwombaji aliyeweza kumjibu mzazi wake kwa maneno yanayoeleweka alikuwa tayari ameandika nusu ya barua yake.

Bahari iko sokoni

Jibu la kwanza lilipatikana kwenye meza ya mama mmoja muuza samaki katika soko la Kindu. Upande mmoja kapitene mbichi, aliyevuliwa Lualaba usiku ule. Katikati debe la ndakala wakavu. Pembeni vipande vya makayabu, vigumu, vyeupe kwa chumvi.

Makayabu ni samaki wa bahari, hilo kila mnunuzi analijua. Ndakala ndio wenye habari. Hutoka Ziwa Tanganyika, hupakiwa Kalemie, hupita Kabalo kwa reli na kupanda kaskazini hadi Kindu, treni ikipatikana. Wako wa aina mbili, na wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wote wawili ni wa ukoo wa sadini na heringi. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mababu zao waliishi baharini, wakaingia katika mito ya Afrika mamilioni ya miaka iliyopita na hatimaye wakafanya makao katika ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Anayekula ndakala kwa ugali wa muhogo Kindu anakula mjukuu wa samaki wa bahari.

Maji nayo yana ukoo wake. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, unaoanzia Kalemie na kuingia Lualaba kabla ya Kongolo. Kwa hiyo sehemu ya maji yanayopita chini ya mitumbwi ya Kindu ilikuwa jana ya ziwa la Kalemie, Uvira, Bujumbura na Kigoma, na kesho ni ya Atlantiki. Mtu aliyezaliwa hapa amekaa katikati ya njia ya maji inayounganisha ziwa na bahari.

Safari hiyo haiishii Banana. Mbele ya mdomo wa Kongo kuna bonde refu lililochimbika chini ya bahari, na kichwa chake kimeingia mpaka ndani ya mdomo wa mto wenyewe. Mwishoni mwa 2019 Mto Kongo ulifurika kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Katikati ya Januari 2020 mchanga na tope vilivyokuwa vimerundikana mdomoni viliporomoka ndani ya bonde hilo, vikakimbia chini ya maji kwa zaidi ya kilomita 1,100, kasi ikipanda kutoka mita 5 hadi mita 8 kwa sekunde. Nyaya za mawasiliano zilizolala sakafuni mwa bahari zilikatika, ukiwamo waya wa WACS unaofika nchi kavu Muanda, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika. Watafiti walioongozwa na Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walitangaza matokeo hayo mwaka 2022.

Mwandishi aliposoma taarifa ile alielewa kwamba mvua inayonyesha juu ya misitu ya Maniema inaweza kuwa na neno katika mambo yanayotokea kilomita elfu moja ndani ya bahari kuu. Tangu siku hiyo hakujiona tena mgeni anayeomba kuingia katika nyumba ya watu wa pwani.

"Leta vipimo kwanza"

Kujua hadithi ya maji hakutoshi kumpa mtu nafasi ya masomo. Mwalimu wake wa zamani huko Kisangani, alikosomea biolojia, alimwambia wazi alipoombwa barua ya mapendekezo. "Ndugu yangu, mimi siandiki barua ya kumsifu mtu. Naandika barua ya kazi niliyoiona. Leta vipimo kwanza."

Mto huu umewahi kutoa ushahidi wa nguvu ya kipimo. Msafiri David Livingstone alifika Nyangwe, juu ya Kindu, mwezi Machi 1871, akiwa na matumaini kwamba Lualaba ndio mwanzo wa Nile. Alikaa hapo kwa miezi, aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni mwezi Julai, akaondoka bila kupata jibu. Mwaka 1874 akaja msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, na vyombo vyake. Alikadiria wingi wa maji, akapima kimo cha Nyangwe kutoka usawa wa bahari, akaona kwamba Lualaba uko chini kuliko Nile pale Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Basi Lualaba hauwezi kuwa Nile. Hakuwa ameufuata mto huo kwenda chini kupita Nyangwe, lakini hoja ilikuwa imekwisha. Safari ya Henry Morton Stanley, aliyeondoka Nyangwe na msafara wa mfanyabiashara Tippu Tip mwezi Novemba 1876 na kufika Boma, karibu na Atlantiki, Agosti 1877, ilithibitisha yale ambayo namba zilikuwa zimeshasema.

Vipimo alivyodai mwalimu havikuhitaji maabara. Mfuniko mweupe wa ndoo ya rangi ulikatwa duara la sentimita 30, ukagawanywa robo nne, robo mbili zinazokabiliana zikapakwa rangi nyeusi. Katikati pakatobolewa tundu, kamba ya nailoni ikapitishwa, na chini yake ikafungwa nati kubwa ya reli ili duara lizame likiwa limelala bapa bila kuyumba. Kila sentimita 10 kamba ilipigwa fundo. Chombo hiki huitwa diski ya Secchi, kwa jina la Angelo Secchi, padri na mwanafalaki wa Italia aliyekijaribu baharini mwaka 1865, na mpaka leo meli za utafiti zenye mitambo ya bei kubwa bado hukibeba.

Matumizi yake ni mepesi. Mtu hukishusha upande wa mtumbwi wenye kivuli, huhesabu mafundo mpaka diski ipotee machoni, huandika. Kisha hukivuta taratibu mpaka kionekane tena, huandika. Wastani wa namba hizo mbili ndio kipimo cha uangavu wa maji. Baada ya mvua kubwa, mbele ya Alunguli, diski ilikuwa ikipotea kabla ya fundo la tatu. Miezi ya kiangazi, Juni na Julai, ilishuka zaidi, na mwandishi akaanza kuuona mwaka wa mto katika daftari lake.

Mvuvi mmoja mzee wa Kigenia, aliyekuwa akipiga kafi, alitazama kazi hiyo kwa subira, kisha siku moja akasema: "Mwanangu, ukitaka kujua maji haya, usipime hapa tu. Pima pale kijito kinapoingia. Zamani samaki walikuwa wakitaga pale."

Kijito chenyewe kilitoka upande wa machimbo. Maniema imechimbwa kasiteriti (madini ya bati) tangu enzi za Wabelgiji, na dhahabu huchimbwa kwa koleo na karai mahali pengi. Walipofika pale wakati wa kiangazi, mto mkubwa ulikuwa umetulia na kung'aa kidogo, lakini maji ya kijito yalikuwa yakiingia rangi ya matofali. Diski ilipotea mara tu ilipozama. Hapo ndipo swali la utafiti lilipozaliwa: tope linaloingia katika msimu ambao mto ulipaswa kuwa safi linawafanyia nini samaki wanaotegemea msimu huo kutaga mayai? Swali hilo halikutoka kwenye kitabu. Lilitoka kwa mvuvi, likapata namba, likaandikwa katika aya ya kwanza ya barua ya nia.

Hili ndilo jambo ambalo mwandishi angependa kila kijana wa Kindu alishike kabla ya kujaza fomu yoyote. Waombaji wanaoandika kwamba wanaipenda bahari tangu utotoni ni wengi mno, na wengi wao wameiona. Lakini hakuna mwombaji wa Brussels, Bergen au Cape Town anayeweza kuandika habari za kile kijito.

Waliotangulia

Historia ya wataalamu wa maji katika ukanda huu inasema hivyo hivyo. Keto Mshigeni alizaliwa Upare, mlimani, mbali na pwani ya Tanzania. Alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii akapata udaktari mwaka 1974 kwa utafiti wa mwani, akarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akishikilia hoja kwamba mwani unaweza kulimwa badala ya kuokotwa tu ufukweni. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na kikawa kazi ya maelfu ya wanawake. Baadaye Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, alikwenda Chuo Kikuu cha Tel Aviv kwa udaktari, na aliporudi akawa bega kwa bega na wakulima hao kutafuta namna ya kuongeza thamani ya zao lao.

Karibu zaidi na Maniema yuko Boniface Kaningini wa ISP Bukavu, chuo cha ualimu. Samaki wake alikuwa sambaza wa Ziwa Kivu, ambaye ni yule yule Limnothrissa wa Tanganyika, aliyehamishiwa Kivu kati ya 1958 na 1960. Kaningini alitaka kujua sambaza anakua vipi, anazaa lini, na anaweza kuvuliwa kiasi gani bila kumalizwa. Swali hilo la soko la Bukavu ndilo alilolipeleka Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji, na likampa udaktari mwaka 1995.

Huko Uvira, kwenye kituo cha utafiti wa maji kilichokuja kuwa CRH, watafiti wa Kongo kama Muderhwa Nshombo walifanya kazi kwa miaka mingi na timu za Wajapani zilizohusiana na Chuo Kikuu cha Kyoto. Hapo Tanganyika yuko samaki mdogo anayeishi kwa kung'oa magamba ya samaki wengine. Wengine wa aina hiyo mdomo wao umepinda kulia, wengine kushoto. Anayepinda upande mmoja humshambulia windo kwa ubavu mmoja, mwenzake kwa ubavu wa pili. Upande mmoja ukizidi kwa wingi, mawindo huulinda ubavu ule, na wa upande wa pili hupata nafuu na kuongezeka. Michio Hori, mmoja wa Wajapani hao, aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1993 katika jarida la Science, na wanabiolojia wa dunia nzima wakaanza kulitaja ziwa letu katika mihadhara yao.

Raphael Tshimanga naye aliondoka Kinshasa akasoma hidrolojia katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, mada yake ikiwa Bonde la Kongo lenyewe. Aliporudi Chuo Kikuu cha Kinshasa aliongoza kituo cha CRREBaC kinachochunguza maji ya bonde hilo, na mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa wahariri wa kitabu kikubwa kuhusu bonde hilo, kilichotolewa kwa Kiingereza na Kifaransa.

Mlima, ziwa dogo, ziwa kubwa, mto. Hakuna hata mmoja wao aliyeenda ng'ambo kutafutiwa swali.

Makaratasi na thamani yake

Swali likishapatikana, hufuata kazi isiyo na utamu ambayo huwaangusha wengi wenye akili. Mwandishi aliipitia yote.

La kwanza ni alama. Vyuo vya Kongo huhesabu juu ya 20, na mwenye asilimia 70 tayari ana distinksyo, heshima ambayo katika darasa zima huenda wakaipata watu wachache tu. Msomaji wa nje aliyezoea mahali ambapo mwanafunzi wa kawaida hupata asilimia 80 anaweza kuiona 14 juu ya 20 kuwa alama ya kawaida. Dawa yake ni barua ya ukurasa mmoja kutoka ofisi ya chuo, yenye muhuri, inayoeleza ngazi za alama na nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake. Mwenye nafasi ya pili kati ya 60 aseme hivyo, kwa maandishi ya chuo.

La pili ni jina la shahada. Kabla mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) haujafanywa wa lazima kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ya Kongo ilikuwa ya miaka 5: mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Ufaransa, lisansi ni miaka 3. Mtu mwenye miaka 5 ya chuo, pamoja na tasnifu aliyoitetea mbele ya jopo, anaweza kuwekwa kundi moja na mwenye miaka 3 kwa sababu tu karatasi zao zina jina moja. Wenye shahada za mfumo wa zamani waeleze hesabu hiyo ya miaka wenyewe, mapema, bila kungoja waulizwe.

La tatu ni releve, zile karatasi za alama za kila mwaka. Ofisi moja ya apariteri, inayotunza kumbukumbu za wanafunzi, ilikaa na maombi ya mwandishi muda mrefu kwa kuwa mwenye kutia saini alikuwa safarini. Tangu hapo yeye huwashauri wadogo zake waombe nakala kadhaa zilizothibitishwa siku ile ile wanayomaliza masomo, wazipige picha kwa simu, na wazihifadhi zaidi ya mahali pamoja.

La nne ni anwani ya barua pepe ya mwalimu. Vyuo vingi vya nje hutuma kiungo cha mapendekezo moja kwa moja kwa mwalimu, na baadhi huitilia shaka anwani isiyo ya chuo. Walimu wengi wa Kongo hutumia anwani zao binafsi kwa miaka. Mwalimu wa Kisangani alisaidiwa kupata anwani ya chuo kabla ya tarehe ya mwisho, na kazi hiyo ya nusu saa iliokoa ombi zima.

Kisha lugha. Programu nyingi za sayansi ya bahari hufundishwa kwa Kiingereza, na vituo vya mtihani wa TOEFL au IELTS haviko kila mji. Mtu wa Kindu anapaswa kuhesabu ada ya mtihani, nauli ya ndege na malazi. Pasipoti nayo ina bei: ya kibayometria ilipoanzishwa mwaka 2015 ilikuwa dola 185. Viza za nchi nyingi za Ulaya huombwa Kinshasa. Gharama hizi huja kabla ufadhili, au bursi kama wanavyoiita wanafunzi wetu, haujalipa hata senti. Familia ya mwandishi iliuza mafuta ya mawese, mjomba akaongeza, na yaya yake aliyekuwa akiishi Lubumbashi akalipa mtihani. Ombi la mtu mmoja Kindu ni ombi la ukoo mzima, na aanzaye kulipanga awaambie watu wake mapema kiasi kinachohitajika na tarehe zake.

Jibu la kwanza alilopata lilikuwa la kukataliwa, bila maelezo. Lililofuata, kutoka programu ya miaka miwili ya sayansi ya bahari na maziwa inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Brussels, Ghent na Antwerp, lilimwita kwenye mazungumzo. Intaneti ilikatika na kurudi. Profesa mmoja aliruka maswali yote ya kawaida akauliza kuhusu diski: katika mto wenye mkondo mkali kamba huvutwa upande, na mafundo huhesabu zaidi ya kina cha kweli, je, hilo lilitatuliwaje? Mwandishi alieleza kwamba mpiga kafi alikuwa akiinua kafi na kuuacha mtumbwi uende na maji, hivyo diski na mtumbwi vikasafiri kwa kasi moja na kamba ikaning'inia wima. Profesa aliandika kitu, akatikisa kichwa kwa kukubali, akamwomba aendelee.

Maarifa yale yalikuwa ya mzee wa Kigenia. Katika tasnifu aliyoiandika baada ya kupokelewa, mwandishi alimshukuru kabla ya maprofesa.

Malango yaliyo karibu

Si lazima njia ipite Ulaya. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu 1978. Mombasa kuna KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, alikofanyia kazi James Kairo, mtaalamu wa mikoko aliyepata udaktari wake Brussels. Juhudi zake na za wanakijiji wa Gazi ndizo zilizozaa Mikoko Pamoja, mradi unaouza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko na kupeleka mapato kwenye maji na shule za kijiji. Mtu wa Kongo ana sababu ya kwenda kuutazama mradi huo: nchi yetu ina Hifadhi ya Bahari ya Mikoko huko Muanda, iliyoanzishwa 1992, na wataalamu wake bado ni wachache.

WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyoundwa mwaka 1993, ina makao yake Zanzibar. Kongo haimo katika nchi za ukanda wake kwa kuwa pwani yetu inatazama Atlantiki. Hata hivyo, tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Baraza la Vyuo Vikuu la jumuiya hiyo liko Kampala. Mwanafunzi wa Kindu anayezungumza Kiswahili anafika Zanzibar au Kigoma na kuelewana na mvuvi siku ya kwanza, jambo ambalo mtafiti kutoka mbali hulipa mkalimani ili alipate.

Kwa wapenda samaki, Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, yamekuwa yakiwaalika Waafrika kwa mafunzo mafupi ya utambuzi wa samaki. Samaki wengi wa Lualaba waliokusanywa enzi za ukoloni wamehifadhiwa humo ndani ya chupa. Kisangani kuna Kituo cha Ufuatiliaji wa Bioanuwai. Na humu humu Maniema kuna Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016, kwenye misitu ambako wanasayansi walimtambua lesula, tumbili aliyeelezwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Kama tumbili mkubwa aliweza kukaa bila kuandikwa na sayansi mpaka karne hii, msomaji na akadirie ni samaki wangapi wa vijito vya msituni ambao bado wanangoja.

Pengo kubwa zaidi liko kwenye vipimo vyenyewe. Zamani Bonde la Kongo lilikuwa na mamia ya vituo vya kupima kimo cha maji. Leo vinavyofanya kazi kila siku ni vichache. Mbao za kupimia hazigharimu mamilioni. Mwalimu wa biolojia wa Kindu akiwapanga wanafunzi wake wakapima kimo cha mto na uangavu wa maji kila Jumamosi, kwa mwaka mmoja tu, atakuwa na daftari ambalo watafiti wa Kinshasa na wa ng'ambo watalitafuta wenyewe, na kila mwanafunzi aliyeshiriki atakuwa na kitu cha kuweka katika barua yake.

Kwa hiyo ombi la mwandishi ni kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Kindu, wa ISP na wa shule za sekondari za Kasuku, Mikelenge na Alunguli: anzisheni daftari hilo. Kwa vijana wanaotaka kuomba: programu nyingi hufungua maombi kuanzia Oktoba na kuyafunga kabla ya Machi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, maji yanapotulia, ndio wakati wa kupima, kumfuata mvuvi na kuchukua releve zenu. Mfuniko wa ndoo na kamba vinapatikana sokoni.